Farasi wa Kiooni na Punda wa Kisesa

Kila michezo ya video inapotajwa katika vikao vyetu, hukumu hutolewa kabla ya shahidi kusikilizwa. Mzee husimama akasema ni upuuzi, waliohudhuria huitikia, na jioni ile ile vijana wa Kirumba na Mabatini hurejea kwenye mabanda ya gemu wakiwa hawakujibiwa lolote. Hukumu ya namna hiyo haimzuii kijana. Humfundisha tu kwamba wakubwa wake huzungumzia wasichokijua. Wanazuoni wetu wameweka kanuni mashuhuri kwamba jambo halihukumiwi mpaka lifahamike. Basi na tulifahamu kwanza.

Mchezo unaowateka wengi wao, ukiacha ule wa mpira, ni Red Dead Redemption 2, uliotolewa na kampuni ya Rockstar Games mwezi Oktoba 2018. Mchezaji huwa Arthur Morgan, mtu wa genge la majambazi katika Marekani ya mwaka 1899, na huenda popote atakapo, milimani, mabondeni na mijini. Mwandishi wa makala haya ameishika pedi na kuyaona kwa macho yake. Farasi hulishwa, hupigwa brashi, na hupapaswa shingo anapoogopa. Kadiri anavyotunzwa ndivyo anavyomtii mpandaji. Akienda mbio, kidole gumba hugonga kitufe kwa mwendo wa kwato, la sivyo mnyama huchoka upesi. Mwindaji naye hutazama upepo unakoelekea, maana windo hunusa. Sungura akipigwa risasi kubwa, ngozi yake haifai tena. Na mzoga ukikaa sana juu ya farasi huoza.

Tuseme kwa uadilifu: hayo ni mafunzo ya subira na uangalifu. Kupanda farasi na kutupa mishale ni mambo aliyoyahimiza Mtume (s.a.w.), na uwindaji umehalalishwa katika Suratul-Maidah kwa masharti yake. Lakini mkono ule ule uliompiga farasi brashi ndio unaopora abiria wa treni dakika chache baadaye, na mnyama aliyeuawa kwa kujifurahisha huachwa palepale bila mtu kuulizwa. Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga shabaha, aliwakemea akawakumbusha kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Watasema kuku yule alikuwa hai, na huyu ni picha tu. Ni kweli, na hatulinganishi dhambi hizo mbili. Tunauliza swali jingine: runinga ikizimwa, huruma ile huenda wapi?

Watoto wengi wa Mwanza hawajawahi kumgusa farasi, kwa kuwa mbung'o na maradhi havikumpa mnyama huyo nafasi katika nchi yetu ya ziwa. Farasi wetu ni punda. Tokeni kwenda Kisesa na Magu mkamtazame: madumu ya maji pande zote mbili, kidonda mgongoni, fimbo juu ya kidonda. Kijana anayelia farasi wake wa kiooni akifa humpita punda huyo bila kugeuza shingo, na sisi tuliomkemea kijana humpita vilevile tukienda kuswali. Mtume (s.a.w.) alimwona ngamia akitokwa machozi bustanini, akamwita mwenyewe na kumkemea kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Sisi tulifanya nini machinjio ya Shinyanga yalipokuwa yakichinja punda ili ngozi zao zipelekwe China? Mpaka Umoja wa Afrika ulipoizuia biashara hiyo Februari 2024, ni minbari ngapi zilikuwa zimetamka neno?

Uwindaji nao ni hivyo hivyo. Wasukuma walikuwa na chama cha Bununguli, wawindaji wa nungunungu waliojitosa mashimoni ili kuyanusuru mashamba. Hiyo ilikuwa kazi yenye haja na yenye elimu. Leo, kutoka lango la Ndabaka kuingia Serengeti, wapo wanaotega nyaya usiku. Nyumbu hujinyonga humo peke yake, kisha huuzwa vijijini kwa jina la kimoro. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inamwadhibu mtegaji asiye na kibali. Lakini Mwislamu ana hukumu iliyotangulia sheria hiyo: aliyekufa kwa kunyongwa ni nyamafu, na nyamafu ni haramu. Ni wangapi wameuliza kabla ya kununua?

Kwa hiyo tunasema haya. Mchezo huu uliwekewa alama ya umri wa miaka 17 na kuendelea huko Marekani kwenyewe. Mwenye banda anayemkaribisha mtoto wa miaka kumi ajue anakula fedha ya nini. Walimu wa madrasa wafundishe hukumu za kuwinda, kuchinja na haki za mnyama wa kazi, wala wasiishie kwenye kukataza. Na kila msikiti ulio kando ya njia ya punda uweke birika la maji na mtu wa kumwambia mwenye mzigo apunguze. Kijana akiyaona hayo, atakuwa na sababu ya kutusikiliza tunapomwambia azime kioo.

Wabillahi tawfiiq.