Ziwa Moja, Udugu Mmoja

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa bahari, maziwa na mito. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wenyeji wa Kyela wanajua kwamba baada ya swala ya Isha mazungumzo ya nyumbani hayana mpaka. Huulizwa nani amejifungua, nani anaumwa, nani ametangulia mbele ya haki. Wanyakyusa wa upande wetu na Wangonde wa Karonga, nchini Malawi, ni watu wa asili moja na lugha zao zinasikilizana. Ndiyo maana habari ya msiba uliotokea ng'ambo ya Mto Songwe hupokelewa Kyela kwa kilio kile kile.

Mto huo wenyewe ni mazingatio. Mvua zikizidi hufurika, huacha njia yake ya zamani na kujichimbia nyingine. Mkulima aliyelala Tanzania huweza kuamka shamba lake likiwa upande wa Malawi, ilhali hajahamisha hata jembe. Basi tujiulize: je, siku ile mto ulipohama, udugu wake na majirani ulihama nao?

Tunalisema hili kwa sababu siasa za dunia nazo huingia majumbani mwetu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba wa kugawana ardhi za Afrika, wala wenye ziwa hawakuulizwa. Kutokana na mkataba huo, Malawi inadai kwamba mpaka unapita kwenye ufukwe wa upande wetu. Tanzania nayo inashikilia kuwa mpaka upo katikati ya maji. Mwaka 2012, suala la utafutaji wa mafuta na gesi lilipochochea mzozo huo, maneno ya vita yalisikika vijiweni, na wazee waliokuwa na watoto walioolewa upande wa pili walikosa usingizi. Upatanishi ukakabidhiwa marais wastaafu, wakiongozwa na Mzee Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Sisi hatusemi kwamba haki ya nchi iachwe. Kuitetea nchi kwa hoja ni wajibu. Tunachokihofia ni kauli zinazotoka vinywani mwetu mbele ya watoto, pale baba anaposema "wale Wamalawi" kwa dharau, huku mama mdogo wa watoto hao ni Mmalawi. Mtoto hajui mkataba wa 1890, lakini sauti ya baba yake anaijua. Mzozo wa serikali unaweza kumalizwa kwa saini. Chuki iliyopandwa sebuleni haina wa kuitilia saini.

Na serikali zenyewe zimetupa somo. Zikiwa bado zinavutana kuhusu ziwa, mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Mto Songwe. Ikiwa waliohitilafiana juu ya maji mengi wameweza kuketi pamoja juu ya maji machache, sisi wa damu moja tuna udhuru gani?

Tutazame pia maajabu ya Mola wetu. Anayesimama Matema, chini ya Milima ya Livingstone, huweza kuona mawingu meusi yakipanda juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa. Si moshi, bali ni wadudu wadogo mfano wa mbu, wasiouma, waliokulia majini na kuibuka kwa mamilioni. Upepo huwapeleka pwani yoyote, na wapo wakazi wa kandokando ya ziwa hili wanaowakusanya na kuwafanya kitoweo. Riziki hiyo haiulizi pasi ya kusafiria. Na ndani ya maji hayo, yenye kina cha takriban mita 700, mna mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko duniani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema tu, bali ni yule anayemuunga hata aliyemkata. Basi Ijumaa hii, kabla ya kuuliza ziwa ni la nani, tumpigie simu jamaa yetu wa ng'ambo, na mtoto naye apewe simu amwamkie.

Wabillahi tawfiq.