Ganzi ya Mikono na Miguu Baada ya Tibakemikali: Kuieleza Si Kukosa Subira



Ndugu zetu wasomaji, tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika madrasa yetu hapa Nyamirambo alirudi mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akitibiwa saratani ya figo kule Butaro, wilaya ya Burera, kwenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012. Tulimpokea kwa furaha, tukamwombea dua, akakaa mahali pake pa zamani. Baada ya wiki mbili tukaona hati yake imeharibika. Herufi alizokuwa akiziandika vizuri kabla ya kuugua sasa zilipinda, nukta za thaa zikaangukia mstari wa chini, na kalamu ikawa inamponyoka. Tukamwambia anadeka. Akinyanyuka kwenda kutawadha alikuwa akijikwaa kwenye mkeka, wenzake wanacheka, na sisi tunamwambia anyanyue miguu. Hakujibu neno. Mama yake ndiye aliyekuja kutueleza: "Maalim, vidole vyake vina ganzi tangu aanze dawa. Anaogopa kusema hospitali asije akaongezewa sindano."

Tuliona haya. Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza na kusoma, na haya ndiyo tunayotaka familia zetu ziyajue.

Maumivu haya ni ya mishipa ya fahamu, na yanatokana na dawa zenyewe za saratani. Si dawa zote zinazoyaleta. Zinazojulikana zaidi ni vinkristini, paklitakseli, dositakseli, sisplatini, oksaliplatini na bortezomibu. Vinkristini, aliyokuwa akichomwa mtoto wetu, inatokana na lile ua la vinka ambalo asili yake ni Madagaska na watu wengi wanalipanda mbele ya nyumba. Ni miongoni mwa dawa zinazotibu pia uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Kampala. Ni dawa iliyookoa watoto wengi, na hatumwambii mtu aikimbie.

Ila inadhuru namna hii. Ndani ya mshipa wa fahamu kuna vijinyuzi mfano wa reli, vinavyosafirisha chakula cha mshipa kutoka karibu na uti wa mgongo mpaka ncha ya kidole. Chembe ya saratani nayo inahitaji vijinyuzi hivyohivyo ili igawanyike. Vinkristini na paklitakseli zinavivuruga, saratani ikashindwa kuzaana, na mshipa wa fahamu nao ukakosa riziki yake. Mshipa mrefu ndio unaoumia kwanza, ndiyo maana tatizo huanzia vidole vya miguu, kisha vya mikono, mgonjwa akahisi kama amevaa soksi na glavu ambazo hazivuki. Wengine huhisi moto, wengine sindano, wengine hawahisi chochote na hilo lina hatari zake. Sisplatini na oksaliplatini hudhuru kwa njia nyingine, na maumivu yake yanaweza kuendelea kuzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa. Mtu asidhani saratani imerudi. Sisplatini hugusa na masikio pia, kwa hiyo mwalimu akiona mtoto aliyetibiwa haitiki akiitwa, asifanye haraka kumwita mkaidi.

Si jambo la wachache. Uchambuzi uliokusanya tafiti 31 na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta dalili hizi kwa asilimia 68 ya wagonjwa katika mwezi wa kwanza baada ya kumaliza tiba, na asilimia 30 walikuwa nazo bado baada ya miezi sita au zaidi.

Sasa kwa nini watu wetu wananyamaza? Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi, alituambia kwamba akisema anaumwa atakuwa amemlalamikia Mwenyezi Mungu. Tukamkumbusha habari ya Nabii Ayyub (a.s.). Alimwita Mola wake akitaja dhara iliyompata, na bado Qur'an imemsifu kwa subira. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamweleza Mtume (S.A.W.) maradhi yake na kumuuliza ataswali vipi, akapewa ruhusa ya kukaa, na akishindwa alale ubavu. Angenyamaza, sisi leo tungeipata wapi ruhusa ile? Kumweleza tabibu unapoumwa si kulalamika. Ndiyo njia ya tiba yenyewe.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: hofu kwamba daktari akijua atapunguza dawa, na saratani itapata nguvu. Hofu hii tunaiheshimu. Lakini ukweli ni kwamba kupunguza kipimo, kuahirisha awamu au kubadilisha dawa ndiyo silaha kubwa aliyonayo daktari, na ina faida pale tu anapoambiwa mapema. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana waliopewa dawa pamoja na oksaliplatini. Kwa wale ambao hatari yao ilikuwa ndogo, miezi mitatu ya dawa ilikaribia sana kufanya kazi ya miezi sita, na walioumia vibaya mishipa ya fahamu walipungua kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi kiasi cha mmoja katika sita. Hesabu hiyo ni ya daktari, si ya mgonjwa kujipunguzia mwenyewe kimyakimya kwa kuruka kliniki, kama tulivyosikia wengine wakifanya.

Na je, dawa ya maumivu yenyewe ipo? Ipo kidogo, na tuseme hivyo bila kuwadanganya watu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, uliotolewa mwaka 2014 na kupitiwa upya mwaka 2020, haukupata dawa hata moja ya kupendekeza kwa ajili ya kuzuia. Kwa maumivu yaliyokwisha kuingia, uliyoipendekeza ni moja tu: duloksetini. Katika utafiti wa watu wazima 231 uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 59 ya walioimeza walipata nafuu kiasi fulani, dhidi ya asilimia 38 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Duloksetini hutumika pia kutibu sonona. Basi jamaa wakiisoma karatasi ya ndani wanasema mgonjwa wao anatibiwa wazimu, wanaitupa. Jamani, tusifanye hivyo. Anayetumia tamoksifeni amkumbushe daktari, kwani duloksetini inaweza kuipunguzia nguvu, na mtu asiiache kwa ghafla. Gabapentini na amitriptilini nazo madaktari huziandika, ingawa ushahidi wake kwa maumivu haya ni dhaifu. Mazoezi ya miguu na ya kusimama bila kuyumba yana dalili za kusaidia. Huko Japani, katika utafiti wa mwaka 2018, wagonjwa 36 walipoozesha mkono na mguu wa upande mmoja kwa glavu na soksi za barafu wakati paklitakseli inaingia, na upande huo ukaumia kidogo kuliko mwingine. Asijaribu hayo mwenye oksaliplatini, maana dawa hiyo na baridi haviivani: glasi ya maji baridi tu inaweza kumkaba koo.

Hapo ndipo inapoingia udhu. Mgonjwa wa namna hiyo apashiwe maji moto, na mtu mwingine ayapime, kwa sababu mkono wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua. Hata maji ya vuguvugu yakimdhuru, tayammum ipo, na aya ya 6 ya Suratul-Maida imewataja wagonjwa kabla ya wasafiri. Miguu itazamwe kila jioni kama ina jeraha, na asikaribie jiko la makaa peku.

Kuna neno moja litakalowaudhi baadhi ya ndugu zetu wanaouza dawa za asili. Kuna kirutubisho kiitwacho asetili-karnitini ambacho kilidhaniwa kulinda mishipa ya fahamu. Kilipopimwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya titi, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliokitumia walizidiwa. Hakikuwa sumu, kiliuzwa madukani kama cha afya. Basi habbat sauda, mlonge na vinginevyo daktari avijue kwanza. Hata dawa ya fangasi kama itrakonazoli ikikutana na vinkristini huongeza madhara. Na hijama asipigwe mtu aliye katikati ya tibakemikali: damu yake inaweza kuwa imepungukiwa na chembe za kinga na za kugandisha, na ngozi yenye ganzi haimwambii kwamba imeumia.

Mtoto wetu, mama yake alimweleza daktari katika safari iliyofuata. Hakuongezewa sindano. Kipimo cha vinkristini kilipunguzwa, akafundishwa mazoezi ya kunyanyua nyayo, na baba yake akaambiwa amnunulie viatu vya kufunga badala ya ndala. Sisi tulimfungia kitambaa kwenye kalamu ipate unene, na siku ambazo vidole vimegoma anasoma kwa moyo, wenzake wanaandika. Tulimwomba radhi mbele ya darasa. Bado anajikwaa mara mojamoja, na nukta za thaa zimeanza kurudi juu ya mstari.