Unga wa majani si dawa ya kila uvimbe

ANAYEVUKA mpaka wa Kobero mara kwa mara na mzigo kichwani anajua maana ya miguu kuvimba. Anajua pia mama aliyerejea Burundi kutoka kambi za Kibondo au Kasulu, baada ya kukaa siku nzima ndani ya basi. Jioni wengi wao huishia kununua unga wa majani uliofungwa katika karatasi, na muuzaji huapa kwamba unaondoa uvimbe wote. Mimi nasema uvimbe wote, hapana.

Ndugu msomaji, siyadharau majani. Jani chungu la mubirizi, ambalo jirani zetu wa Uganda huliita mululuza, lina luteolini. Kitunguu chekundu tunachokipika kila siku kina kwasetini. Hizo ni flavonoidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe. Wataalamu humdunga panya unyayoni kitu cha kuvimbisha kitokanacho na mwani, kisha hupima unyayo huo saa baada ya saa. Katika majaribio mengi, panya aliyepewa flavonoidi alivimba kidogo kuliko mwenzake. Kemikali hizo hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, ambazo hupanua mishipa ya damu na kuchangia maji kuvujia kwenye nyama.

Kwa binadamu pia vipo vidonge vya diosmini na hesperidini, jamii ya flavonoidi za machungwa, kwa ajili ya miguu yenye mishipa dhaifu. Uchambuzi wa majaribio uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dawa za kundi hili hupunguza uvimbe, ila kwa kiasi kidogo.

Lakini panya yule alipimiwa dozi. Unga wa karatasi nani ameupima? Ubaya zaidi, maabara katika nchi mbalimbali zimekuta deksamethazoni au diklofenaki imechanganywa kwa siri katika kinachoitwa dawa ya asili. Mnunuzi anapata nafuu, anausifu mti, kumbe amemeza dawa ya kiwandani. Deksamethazoni ikitumiwa kwa muda mrefu huvimbisha uso na kupandisha sukari, na kuiacha ghafla kunaweza kuua. Diklofenaki inaweza kuharibu figo. Unga unaomaliza maumivu kwa usiku mmoja ni wa kuogopa.

Tena uvimbe wenyewe hutofautiana. Miguu yote miwili ikivimba jioni na kunywea asubuhi, mara nyingi ni uchovu wa kusimama. Pumzika, uinue miguu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma baada ya safari, huenda damu imeganda ndani. Uso ukivimba kila asubuhi, huenda figo zina kasoro. Mjamzito akivimba uso na mikono huku kichwa kinamuuma, huenda kifafa cha mimba kinamnyemelea. Hawa watatu wa mwisho wasipitie sokoni kwanza, waende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nawaomba wakuu wa afya wa pande zote mbili za mpaka wachukue sampuli za unga huu, wazipime na kututangazia matokeo. Nasi wanunuzi tumuulize muuzaji: jani hili linaitwaje, na umechanganya na nini? Akigugumia, rudisha pesa yako mfukoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kuyafunika kwa unga ni kuyaficha pia.