Tahadhari: Hesabu Nati za Gurudumu la Nyuma Kabla Hujalipa, Kabla Hujasafiri

Kama unamiliki gari-nyumba dogo la zamani lililojengwa juu ya pikapu ya Toyota, au unakaribia kulinunua, simama kwanza. Usilipe. Usiliingize barabara kuu. Nenda nyuma ya gari, vua vifuniko vya magurudumu pacha, kisha hesabu nati zinazoishika rimu. Zikiwa sita, umeanza vizuri, na yapo mambo ya kukagua ambayo nitayaeleza. Zikiwa tano, gari hilo lisitembee tena mpaka ekseli yake ya nyuma iondolewe na kuwekwa nyingine ya daraja la juu.

Nati tano nyuma ya gari la aina hiyo ni alama ya ekseli iliyobebeshwa mzigo usio wake. Ekseli hiyo hukatika gari likiwa mwendoni. Ikikatika, magurudumu mawili ya upande mmoja huchomoka kwa pamoja, na jozi ya matairi, rimu na chuma hubingirika peke yake katikati ya magari ya watu. Wa kwanza kuumia anaweza kuwa dereva na familia yake, au mtu aliyekuwa akija upande wa pili bila kujua lolote kuhusu gari lako.

Magari yenyewe ni haya. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, watengenezaji wa bodi nchini Marekani walichukua pikapu ndogo ya Toyota, ndugu wa Hilux tunayoijua Afrika Mashariki, wakaacha kichwa na chesisi, na nyuma yake wakajenga chumba chenye kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na choo. Yaliuzwa kwa majina mengi, yakiwemo Dolphin, Sunrader na Chinook. Mengi bado yanatembea Marekani na Kanada, kwa sababu injini zake za 20R, 22R na 22RE ni ngumu na vipuri vyake vinapatikana. Hapo ndipo mtego ulipo. Injini imedumu kuliko sehemu nyingine za gari, na sauti yake nzuri inawauzia watu ekseli mbovu.

Nawalenga hasa Waswahili wenzangu walioko huko. Gari hili linawavutia kwa sababu zenye mantiki: bei yake ni nafuu kuliko ya magari-nyumba makubwa, halinywi mafuta sana, na mtu aliyekulia Tanga, Mombasa, Bukavu au Kampala akiona Toyota ya zamani anajiona yuko na jamaa yake. Humwita rafiki anayejua magari, wanasikiliza injini, wanakagua gia, wanatazama kama paa linavuja, wanapatana bei. Ni wachache wanaopiga goti kutazama gurudumu la nyuma. Kisha gari linapakiwa watoto, godoro, maji na vyakula, na safari inaanza.

Kwa nini nati tano ziwe hatari hivyo? Anzia kwenye lori la Canter. Fundi akitaka kutoa shafti ya nyuma ya Canter, hufungua bolti zilizozunguka katikati ya habu na kuichomoa, huku lori limesimama kwa magurudumu yake yote. Hilo linawezekana kwa kuwa shafti haibebi uzito. Habu ya gurudumu imekaa juu ya beringi mbili zilizovalishwa nje ya bomba la ekseli, na bomba ndilo linalobeba mzigo. Kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Hata ikikatika, gari litakosa nguvu ya kwenda, lakini gurudumu litabaki mahali pake.

Ekseli ya pikapu ndogo haikuundwa hivyo. Pale, shafti moja inazungusha gurudumu na papo hapo inabeba uzito wa gari kupitia beringi iliyo karibu na mwisho wake. Ukiichomoa, gurudumu halina pa kushika. Kwa pikapu inayobeba karibu nusu tani, mpango huo unatosha, na Hilux nyingi zimeishi nao miaka mingi bila tatizo.

Watengenezaji wa bodi walipoweka nyumba nzima mgongoni mwa pikapu hiyo, tairi moja kila upande halikutosha. Katika magari mengi ya mwanzo suluhisho likawa kuongeza tairi la pili kila upande, likafungwa kwa kipande cha chuma cha kuunganishia juu ya studi zilezile tano. Kwa mbali gari likaonekana kama lori lenye magurudumu pacha, lakini ndani shafti ilibaki ileile ya pikapu. Tena mzigo ukasogea nje, mbali na beringi. Beba ndoo ya maji karibu na mwili, kisha ibebe mkono ukiwa umenyooshwa, nawe utajua shafti ile ilifanyiwa nini. Kila mzunguko wa gurudumu huikunja kidogo upande mmoja, kisha upande mwingine. Chuma huchoka, ufa mdogo usioonekana huanza, na kila kilomita huuongeza. Siku shafti inapokatika, hukatika mara moja.

Yanayofuata hutokea haraka. Upande mmoja wa nyuma huanguka chini. Dramu ya breki huondoka pamoja na gurudumu, silinda ya breki ya upande huo hubaki wazi, na mafuta ya breki humwagika. Breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma, haina tena cha kushika upande huo. Dereva hubaki na breki za mbele na usukani, akiwa na chumba kirefu kinachoyumba nyuma yake. Wakati huo lile gurudumu lililochomoka linaendelea kwenda kwa kasi ileile ambayo gari lilikuwa nayo.

Msidanganywe na faraja nne ambazo wauzaji, na hata mafundi wenye nia njema, huzitoa.

Faraja ya kwanza ni kwamba gari limetembea miaka 40 bila tatizo. Uchovu wa chuma hujilimbikiza, kwa hiyo miaka 40 ya kukunjwa inamaanisha ufa umepata muda mrefu wa kukua. Gari lililotembea sana na gari lililokaa uani kwa muda mrefu na sasa linaamshwa kwa safari kubwa, yote yanastahili shaka.

Ya pili ni kwamba matairi ni mapya. Tairi la kawaida la magari haya ni 185R14 la mzigo. Lenye alama 102/100 ubavuni linabeba kilo 850 likiwa peke yake na kilo 800 likiwa katika jozi. Matairi manne ya nyuma yanaweza basi kubeba kilo 3,200. Mpira una nguvu hiyo, lakini shafti yenye nati tano haina. Ubora wa matairi hauongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa ekseli.

Ya tatu ni kwamba studi na beringi zimebadilishwa. Ni vizuri kubadilisha vilivyochakaa, lakini shafti bado ni ileile na mzigo bado uko palepale nje. Kuvua matairi ya nje na kubakisha moja kila upande nako si tiba, maana uzito wote wa nyuma utaangukia matairi mawili.

Ya nne ndiyo inayowakamata wasomi. Mnunuzi anaingiza namba ya chesisi kwenye mtandao wa NHTSA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, anaambiwa hakuna wito wowote wa kurudisha gari hilo gereji, naye anatulia. Utafutaji huo kwa kawaida hauonyeshi miito iliyopita miaka 15. Tatizo la ekseli hizi ni la miaka ya 1980, na wakati huo baadhi ya magari yaliitwa na kubadilishiwa ekseli, mengine hayakupelekwa. Majibu matupu kwenye skrini hayasemi kitu kuhusu gari lililo mbele yako. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi nao haukati shauri, kwa kuwa chesisi ilitengenezwa mapema kuliko bodi, na kadi huweza kubeba mwaka wa bodi. Amini chuma unachokiona.

Ekseli inayofaa ni ile ya daraja la tani moja, ambayo Toyota ilianza kuitoa kwa magari haya katikati ya miaka ya 1980. Ina nati sita, na imeundwa kwa mpango uleule wa Canter: habu yake imejitokeza katikati ya rimu, na juu yake kuna duara la bolti ndogo zinazoishika shafti. Tafuta alama zote mbili, nati sita na habu iliyojitokeza yenye bolti zake. Ukikosa mojawapo, mwite fundi wa ekseli aingie chini ya gari kabla pesa haijatoka mfukoni mwako.

Kama tayari unalo gari lenye nati tano, usiseme utaliendesha polepole mpaka gereji. Mwendo wa polepole hauuzuii ufa. Liite gari la brekidauni linalobeba gari zima mgongoni, maana kulivuta huku magurudumu ya nyuma yakizunguka ni kuitesa ekseli ileile. Kisha tafuta ekseli nzima ya tani moja kutoka gari-nyumba la miaka ya baadaye lililoharibika bodi, au kutoka malori madogo ya boksi yaliyotumia chesisi hiyohiyo. Chukua kila kitu chake: difu, shafti zote mbili, habu, dramu, breki na rimu zake za nati sita. Mwambie fundi akague uwiano wa difu, urefu wa propela shafti na waya za breki ya mkono kabla hajafunga. Beringi, sili na mabomba ya mpira ya breki yawe mapya. Ni kazi ya gharama, na huenda ikakaribia bei uliyonunulia gari. Kama huna uwezo nayo, liegeshe litumike kama chumba, au liuze kwa vipuri, lakini lisirudi barabarani.

Ukiwa safarini sasa hivi na ndipo unagundua nati ni tano, egesha mahali salama. Harufu ya oili ya difu, michirizi ya mafuta ndani ya rimu, habu yenye joto kali upande mmoja, mngurumo unaoongezeka na mwendo, au vumbi la kutu kuzunguka nati, vyote vinasema hatari imekaribia. Lakini kukosekana kwa dalili hizo hakukupi ruhusa ya kuendelea. Ufa uliomo ndani ya chuma hauna harufu wala sauti.

Wenye nati sita nao wasilale. Magari mengi ya baadaye yalipewa kikomo cha paundi 5,500, yaani karibu kilo 2,500, gari na vyote vilivyomo. Chumba chenyewe kimeshakula sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla hujaingia. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 75 likijaa ni kama abiria mzima wa ziada. Mkia wa gari ni mrefu nyuma ya ekseli, kwa hiyo mzigo uliowekwa mwisho kabisa huyaelemea magurudumu ya nyuma na kuyanyanyua ya mbele, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Pakia gari kama unavyosafiri, lipeleke kwenye mizani iliyoko kwenye vituo vya malori vya barabara kuu, na upime mbele na nyuma kila moja peke yake. Soma pia tarehe ya matairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo, hata likiwa na kashata nzuri, bado ni la kutupa. Tazama na lile la ndani, ambalo wengi hawalioni. Baada ya kufungua magurudumu kwa kazi yoyote, rudia kukaza nati ukishatembea kilomita 80 hivi, kwa spana ya kupimia mkazo.

Kwa anayeuza: ukijua nati ni tano, mwambie mnunuzi kwa maneno yaliyonyooka, na uandike kwenye hati ya mauziano. Kunyamaza ili bei isishuke ni kumkabidhi mwenzako hatari unayoijua. Kwa fundi: gari la aina hii likiingia gereji yako hata kwa kubadilisha oili tu, tazama gurudumu la nyuma, na mwenye gari umweleze ulichoona. Kwa msomaji asiye na gari hili, huenda ndugu au rafiki yako wa Minneapolis, Dallas au Toronto analo. Mpigie simu leo, kabla msimu wa safari haujafunguka, na usikate simu mpaka ametoka nje kuhesabu.