Vifaa vya kazi mpakani: Usipokuwa na karatasi, utalipia mali yako mara ya pili

KILA mwaka, kati ya Oktoba na Machi, wageni hufika kisiwani Mafia kuogelea na papa potwe. Wengi wao huja na kamera za kupigia picha chini ya maji. Kamera yenyewe ni ndogo, lakini huandamana na kasha lisiloingiza maji, taa mbili au zaidi, lensi, chaja na betri za akiba. Mzigo huo ukifunguliwa mbele ya afisa wa forodha, hufanana na bidhaa za dukani.

Suala hili halimhusu mtalii peke yake. Mpiga picha wa Dar es Salaam aliyepata kazi Afrika Kusini, au fundi wa pampu anayevuka Tunduma kwenda Zambia, hukutana na swali lile lile: kifaa hiki ni cha kazi au ni cha kuuza?

Kwa upande wetu, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inalo jibu. Kifungu cha 117 kinaruhusu vifaa kuingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, ili mradi vitoke tena ndani ya kipindi kisichozidi miezi 12. Hata hivyo, afisa anaweza kudai dhamana, ya fedha taslimu au ya bondi. Kwa kampuni kubwa hilo ni jambo dogo. Kwa mtu mwenye kamera moja, ni mtaji wote kulala forodhani.

Tuchukue mfano wa vifaa vya dola 3,000 vilivyo katika ngazi ya ushuru ya asilimia 25. Ushuru ni dola 750. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya dola 3,750, nayo ni dola 675. Jumla ni dola 1,425, karibu nusu ya bei, bila kuhesabu tozo nyingine.

Wasafiri wengi huhofia forodha ya ugenini, wakasahau ya nyumbani. Anayerudi na kamera aliyoondoka nayo, lakini hana ushahidi, anaweza kuhesabiwa kuwa ameinunua huko alikotoka. Marekani huzuia utata huo kwa fomu namba 4457: msafiri huonyesha kifaa kabla ya kuondoka, namba yake huandikwa na afisa huithibitisha fomu. Akirudi, huonyesha karatasi hiyo.

Upo pia mkataba wa kimataifa wa ATA wa mwaka 1961, unaoruhusu hati moja kutumika katika nchi nyingi kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hati hiyo hutolewa kupitia vyama vya wafanyabiashara, na hukubaliwa katika nchi kama Afrika Kusini na Mauritius. Si kila nchi huikubali, hivyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kinga ya kwanza haina gharama kubwa. Andika orodha ya vifaa, namba ya kila kimoja na thamani yake. Beba nakala za risiti. Omba orodha hiyo igongwe muhuri wa forodha unapotoka. Ukifika, tamka mzigo wako mwenyewe badala ya kungoja upekuliwe. Ukilipa dhamana, tunza stakabadhi, na usitoke bila vifaa kukaguliwa, maana fedha yako hurudi kwa ushahidi huo.

Wahusika nao wabandike masharti haya kwa Kiswahili katika kila kituo cha mpakani. Mgeni anayesumbuliwa na kamera yake mwaka huu anaweza kwenda kupiga picha kwingine mwakani. Atakayekosa fedha hiyo ni mwenye boti, mvuvi na mkulima wa mboga anayeuza kwenye nyumba za wageni.