Wasomi wa biashara waelezwe gharama ya uaminifu

Usimamizi wa biashara ni miongoni mwa masomo yanayowavutia wanafunzi wengi katika vyuo vikuu vya humu nchini, na vyuo vilivyoasisiwa na makanisa havikubaki nyuma. Chuo Kikuu cha Eastern Africa, Baraton, kilipewa hati ya kukitambua rasmi mnamo 1991, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki 1992, nacho cha Daystar 1994. Vyote hufunza biashara. Mzazi anayempeleka mwanawe katika chuo cha aina hiyo hutarajia kwamba atafunzwa kwa mtazamo wa maadili ya Kikristo. Ni tarajio jema. Hata hivyo, yafaa tuulize: mtazamo huo huongeza nini katika somo lenyewe?

Jibu jepesi ni kwamba huongeza sala kabla ya muhadhara, ibada ya katikati ya juma, na kozi moja ya maadili ambayo mwanafunzi huifanyia mtihani kisha akaisahau. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Lau ibada ya Jumapili pekee ingeweza kumlinda mtu ofisini siku ya Jumatatu, zabuni za nchi hii zisingekuwa na walakini.

Wala kasoro hii si yetu peke yetu. Kenneth Lay, mwenyekiti wa kampuni ya Enron ya Marekani iliyoporomoka mwaka 2001, alikuwa mwana wa mhubiri wa Kibaptisti. Kampuni hiyo ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Kitabu kilikuwapo, na madeni yakafichwa vivyo hivyo.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika hoja tunayoitumia darasani. Tunamwambia mwanafunzi kwamba uaminifu huleta faida: mteja asiyepunjwa hurudi, mfanyakazi anayelipwa vyema hafanyi mgomo, na kampuni yenye jina zuri hupata mikopo kwa urahisi. Mara nyingi ni kweli. Lakini iwapo sababu ya kuwa mwaminifu ni faida, je, siku ambapo faida itakuwa upande wa hila, mwanafunzi huyo atabaki na sababu gani?

Hapo ndipo mtazamo wa Kikristo unapopaswa kuonyesha upekee wake. Dini ambayo alama yake kuu ni msalaba haiwezi kumwahidi mfuasi wake kwamba kila atendaye haki atalipwa mwisho wa mwezi. Inachoweza kumwambia ni kwamba haki hutendwa hata inapoleta hasara. Somo hilo ni gumu, na ndilo tunalolikwepa.

Itakumbukwa kwamba katika kashfa ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ililipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali Kenya haikuwa nchi ya kuchimba almasi. Wasomi wenye shahada waliziona karatasi hizo zikipita. Aliyezitoa nje ni karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akapoteza kazi, na hakurejeshwa kazini hadi alipofariki mwaka 2006. Mwalimu wa biashara anayesema kwamba uaminifu hulipa daima atawaeleza nini wanafunzi wake kuhusu Munyakei?

Lugha yetu ina la kutufunza hapa. Maneno imani, amana na uaminifu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Yule unayemwekea mali yako umempa amana. Akiitunza, ana uaminifu. Na kinachokuwezesha kumwachia ni imani. Aidha, waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili, walipomhitaji msimamizi wa mali ya tajiri katika Injili ya Luka, sura ya 16, walimwita wakili, yaani mtu anayeshika kisicho chake kwa niaba ya mwenyewe. Meneja wa leo ni wakili wa aina hiyo hiyo. Mtaala umetenganisha imani na usimamizi wa mali, lakini lugha haijavitenganisha. Na kwa kuwa maneno haya tunayatumia sote, Mwislamu na asiye na dini pia hawana sababu ya kujihisi wageni katika mjadala huu.

Lugha hiyo hiyo, lakini, tumeitumia kujificha. Hongo tumeiita chai, tukaiita kitu kidogo, na hata methali ya mkono mtupu haulambwi tumeitwika mzigo wa kuhalalisha rushwa. Sheria ya Hongo ya 2016 inazitaka hata kampuni za kibinafsi kuweka taratibu za kuizuia, lakini taratibu hizo zitatekelezwa na wahitimu wetu. Mwanafunzi asiyeweza kulitaja kosa kwa jina lake darasani hatalitaja katika kikao cha zabuni.

Basi ifanyweje? Kwanza, maadili yasifungiwe katika kozi moja. Mhadhiri wa uhasibu na aulize ni nani anayeumia mapato yanapoongezwa kwa kalamu. Wa ununuzi na ugavi na awape wanafunzi zabuni yenye hila, waseme wangefanya nini endapo kukataa kungewapotezea kazi, na nani angelipa karo ya watoto wao. Wa usimamizi wa wafanyakazi na afunze ujira wa haki, suala ambalo Papa Leo wa 13 alilishughulikia katika waraka wake wa mwaka 1891. Katika shule za sekondari, mwalimu wa Biashara na yule wa Dini ya Kikristo wanaweza kukifunza kipindi kimoja pamoja.

Pili, tuanze na yaliyo karibu. Inajulikana wazi kwamba baadhi ya vijana wetu wasomi hujipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, na biashara hiyo ikazidi kiasi kwamba mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha utoaji wa huduma hizo kwa malipo. Hakuna kinachozuia insha kuhusu maadili ya biashara kuandikwa hivyo. Wapo watakaosema kwamba kazi ni adimu na njaa haina dini. Hoja hiyo haidharauliki. Lakini ndiyo hoja atakayoitoa kesho afisa wa ununuzi mwenye mshahara mdogo, naye tutamlaumu.

Tatu, makanisa yawe tayari kumpokea mhitimu aliyefutwa kazi kwa kukataa kutia saini hati ya uongo, kwa bidii ile ile yanayompokea tajiri anayekuja na hundi ya harambee. Mwanafunzi huona ni nani anayeketishwa kiti cha mbele, na hujifunza kutokana na hilo kuliko anavyojifunza kutokana na mihadhara yetu.