Mwamuzi Anapomhukumu Mwenzake

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, wengi wenu mnaujua mpira wa miguu, ndondi na riadha kuliko mnavyoujua mchezo wa kriketi. Hapana aibu katika hilo. Lakini leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mchezo huo, na hasa juu ya mechi ya kirafiki baina ya klabu iliyosafiri na klabu iliyo mwenyeji, kwa kuwa ndani yake mna funzo ambalo mtu avaaye sare ya serikali hana budi kulitafakari.

Kriketi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilikuwamo, nayo ilikusanya wachezaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia. Ilishindwa mechi zake zote tatu. Miaka mingi baadaye, mwezi Juni 2024, Uganda yenyewe iliingia katika Kombe la Dunia la ova 20, ikaishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3 huko Guyana. Wala mchezo huu si mgeni kambini. Mwaka 1841 Lord Hill, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Uingereza, alitoa amri kwamba kila kambi ya askari iwe na kiwanja cha kriketi.

Hata hivyo, funzo tulitakalo halipatikani vizuri katika Kombe la Dunia. Huko waamuzi ni watu wa kulipwa, hawana upande, na kamera huwasaidia kuona. Mechi ya kirafiki haina neema hizo. Klabu ngeni haisafiri na waamuzi wake, na klabu yenyeji mara nyingi haina fedha za kuwalipa. Kwa hiyo imekuwa desturi kwamba timu inayopiga hutoa watu wake wawili ambao zamu yao ya kupiga haijafika, nao huvaa makoti meupe na kwenda kusimama uwanjani kuamua. Mtu huyo huwaamulia ndugu zake wa timu moja, na wapinzani wote wapo wakimtazama usoni.

Tuliyaona haya kwa macho yetu Jumapili moja kule Entebbe. Klabu moja ya wageni kutoka ng'ambo ya mpaka ilikuja kucheza na wenyeji. Wageni walipiga kwanza, na wenyeji wakapiga baadaye wakitafuta kuwapita. Jioni ilipokaribia wenyeji walikuwa wamebakiwa na mikimbio 20 tu, na nahodha wao, mpigaji wao bora, alikuwa bado amesimama imara. Mpira ukarushwa, ukampiga mguuni mbele ya vile vijiti vitatu anavyopaswa kuvilinda. Wageni wote wakapaza sauti kumwuliza mwamuzi. Mwamuzi alikuwa kijana wa klabu ile ile ya nahodha, aliyefika pale asubuhi katika gari la nahodha huyo huyo. Sheria yasema kwamba mguu ukiuzuia mpira ambao ungevipiga vijiti, mpigaji ametoka, na jambo hilo huamuliwa kwa jicho na dhamiri ya mtu mmoja tu.

Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akainua kidole juu. Maana yake ni kwamba nahodha wake ametoka. Nahodha hakumtazama mara ya pili wala hakusema neno. Alichukua gongo lake akaondoka. Wenyeji walishindwa kwa mikimbio 6. Wakati wa chai tulidhani tungesikia manung'uniko, lakini tulimwona nahodha akimmiminia yule kijana chai kwa mkono wake mwenyewe.

Hatuna budi kutaja na tendo moja la wageni, ili mizani isiinamie upande mmoja. Kabla ya hapo mpira uliopigwa na wenyeji ulikimbilia mpakani mwa kiwanja, mahali ambapo waamuzi wote wawili hawakuweza kuona vizuri. Mchezaji wa wageni aliuwahi akautupa ndani. Lakini yeye mwenyewe akapunga mkono kuonyesha kwamba mpira ulikwisha kugusa kamba, na wenyeji wakapewa mikimbio minne. Hapana aliyemwuliza. Angenyamaza, hapana ambaye angejua.

Ndugu askari, hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Katika maisha ya kambi na ya kituo twafundishwa kwamba mwenzako ni ngao yako, na fundisho hilo ni la kweli. Asiyemtegemea aliye kushoto kwake hawezi kusonga mbele penye hatari. Lakini wapo watu ambao wameligeuza fundisho hilo jema kuwa pazia. Askari mmoja anamnyang'anya mchuuzi fedha zake kwenye kizuizi cha barabarani, na wa pili anatazama juu angani. Mmoja anampiga mahabusu usiku, na wa pili anaandika kitabuni kwamba mtu yule alianguka. Wakiulizwa, husema kwamba wanalinda umoja. Sisi twasema huo si umoja. Ni mwamuzi aliyeona mguu mbele ya vijiti akaficha kidole mfukoni.

Ile sare mnayoivaa yafanana na lile koti jeupe. Kijana yule alipolivaa hakuacha kuwa mwana wa klabu yake, na alipolivua alirudi kuketi na wenzake. Lakini kwa muda aliokuwa nalo mabegani, alikuwa mtu wa sheria kwanza na mtu wa klabu baadaye. Askari naye ana rafiki, ana kabila, ana kundi alilofunzwa nalo. Hapana anayemtaka awakane. Anachotakiwa ni kwamba, swali la haki linapoulizwa mbele yake, asiangalie kwanza ni nani aliyekosa.

Tena liko jambo jingine katika sheria za mchezo huu ambalo laifaa polisi. Mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka upande wa pili umwulize. Hata akiona kosa waziwazi, hunyamaza mpaka swali lije. Maana yake ni kwamba swali lina heshima kubwa, na haikatazwi mtu kuliuliza. Je, mwananchi ajaye kituoni kumshtaki askari hupokewa kama mwenye haki ya kuuliza? Au huzungushwa kutoka meza hii hadi meza ile mpaka achoke, aende zake? Mkimnyima mtu swali, mmekwisha kulikataa jibu kabla hamjalisikia.

Wako watakaotuambia kwamba mchezo ni mchezo na kazi ya bunduki ni kazi nyingine. Kwamba mwamuzi akikosea, mtu hupoteza mechi, lakini askari akimsema mwenzake, mtu hupoteza mkate wa watoto wake. Hoja hiyo ina uzito na hatuidharau. Lakini uzito huo huo watulemea sisi upande wa pili. Ikiwa kijana asiye na mshahara aliweza kusema kweli kwa ajili ya mchezo wa Jumapili, basi mtu anayelipwa kwa kodi ya wananchi anadaiwa zaidi, kwa kuwa yule aliyedhulumiwa naye ana watoto wanaokula mkate. Na kuhusu kukosea, mwamuzi aweza kukosea kwa kuwa ni binadamu. Ile ambayo haisameheki ni kukosea kwa makusudi kwa sababu ya mapenzi.

Tena tukumbuke kwamba dhambi ya mmoja hubebwa na jina la wote. Mwaka 1840 wachezaji 18 wa klabu ya Toronto, katika Kanada, walivuka Ziwa Ontario kwa meli ya mvuke, wakaendelea kwa magari ya farasi mpaka New York, kwa sababu mtu mmoja aliyejitia kuwa wa klabu ya St George's aliwaalika. Walipofika waliambiwa kwamba klabu haina habari ya mwaliko huo, walikuwa wamedanganywa. Wenyeji wangeweza kuwaambia wageni warudi kwao, maana uongo haukuwa wa klabu. Badala yake walikutana upesi, dau likawekwa, mechi ikachezwa, na wenyeji wakashinda. Mbegu ile haikuoza: mwezi Septemba 1844 Marekani na Kanada zilikutana New York katika mechi ya kwanza ya kriketi baina ya nchi na nchi, na Kanada ikashinda kwa mikimbio 23.

Klabu ile ilitambua kwamba mtu akidanganywa kwa jina lako, jina hilo lina deni, hata kama si wewe uliyedanganya. Hali kadhalika, mwananchi anayeporwa na mtu mwenye sare hasemi kwamba ameporwa na fulani. Husema ameporwa na askari. Deni hilo hulipwa na ninyi nyote mlio waaminifu, nanyi ndio wengi. Hulipwa kila mnapopita mtaani watu wakafunga milango.

Kwa hiyo twawaombeni, siku mtakapopita karibu na Lugogo, Jinja au Entebbe mkaona watu wa mavazi meupe uwanjani, simameni kidogo. Msihangaike kuhesabu mikimbio. Mtazameni yule aliyevaa koti, anayeulizwa habari ya mtu wa timu yake mwenyewe. Kisha mjiulize, kila mmoja moyoni mwake: ningekuwa mimi, je, kidole changu kingeinuka?